Ngazi Yenye Vipago Kumi na Moja

"Abiria wapenzi," sauti ilisema juu ya vichwa vyetu, "hapa ni rubani wenu. Ndege ni nzima, mafuta yapo, anga ni safi. Tatizo ni moja tu. Mimi na msaidizi wangu hatusemeshani."

Abiria wakatazamana. Kisha bwana wa kiti cha mbele yangu akauliza kama chai itaendelea kutolewa.

"Msiwe na wasiwasi," sauti ikaendelea. "Kuruka tunaweza. Tumeruka hivi hivi tumenuniana tangu asubuhi. Kutua ndiko hatuwezi. Utaratibu wa kazi yetu ni kwamba mimi nasoma orodha, yeye anajibu 'tayari', kitu kimoja kimoja. Asipojibu, siruhusiwi kushuka. Kwa hiyo tutazunguka juu ya mji mpaka ajibu. Asanteni kwa kutuchagua."

Nilifumba macho kwa hasira. Nilikuwa na siku tisa sijamsemesha mume wangu, na sikuhitaji rubani wa kunikumbusha.

Mume wangu alikaa kiti cha njiani, mimi dirishani. Katikati yetu alikaa daktari wa meno, ambaye kosa lake pekee lilikuwa kukata tiketi ya kiti kile. Tangu tupande alikuwa akifanya kazi ya kupeleka maneno.

"Mwambie huyo bwana anipe gazeti."

"Mzee, mama anaomba gazeti, tafadhali."

"Mwambie sijamaliza."

Hiyo "tafadhali" aliiongeza mwenyewe. Alikuwa muungwana sana yule daktari.

Kisa chetu ni hiki. Miaka ishirini na mbili nilifanya kazi kwenye baraza la usuluhishi, chumba chenye mabenchi mawili yanayotazamana na feni isiyozunguka. Nilipatanisha wanandoa, majirani, hata ndugu wa tumbo moja waliogawana sebule kwa mstari wa chaki. Siku ya kuniaga nilipostaafu, mwenyekiti akamwomba mume wangu aseme neno. Huyu ni mpima ardhi, mtu asiyekosea hata upana wa kidole. Akasimama, akakohoa, akasema, "Namshukuru Mungu. Sasa nitapata chakula cha moto mchana." Akakaa.

Watu waliangua kicheko, mwenyekiti akiwa wa kwanza. Iliniuma sana, na hadi leo nikisimulia inaniuma. Miaka ishirini na mbili yote niliiona imepakuliwa kwenye sahani moja.

Binti yetu alikuwa amejifungua wiki tatu kabla ya safari ile. Alimpigia simu kila mmoja wetu peke yake, kwa maneno yale yale. "Mama, mtoto wangu hataanza maisha kwenye nyumba ya watu walionuniana. Nitawasubiri uwanjani. Mkitoka mnasemeshana, karibuni sana. Mkitoka mmenuna, mtarudi na ndege hiyo hiyo." Binti yule hana mzaha, na ukali huo kaurithi kwangu. Mapajani nilikuwa nimepakata sweta la manjano nililomfumia mjukuu. Nilitamani kumshika mtoto yule kuliko kitu chochote duniani, na bado mdomo wangu ulikataa kufunguka.

Huko nyuma kulikuwa na vilio viwili vitatu. Bibi mmoja alivaa koti la kujiokoa, akabadilisha na viatu, akavaa vile vya sherehe. Lakini mtu mmoja alipopaza sauti, "Kwani mwenye kosa nani?" hofu yote iliyeyuka. Watu wakishapata kesi ya kuamua, hawana tena nafasi ya kuogopa.

Rubani alijieleza bila kuombwa mara mbili. Msaidizi wake ni shemeji yake, kaka wa mkewe. Rubani alimwazima ngazi yenye vipago vya kukanyagia kumi na viwili, ikarudi na kumi na moja.

"Abiria," ilisema sauti nyingine, nyembamba, "mwambieni rubani ngazi ilikuwa na kumi na moja tangu mwanzo."

"Abiria, mwambieni huyo aliye kulia kwangu kwamba nilihesabu."

"Abiria, mwambieni hajui kuhesabu."

Waliokaa kulia walimtetea msaidizi, waliokaa kushoto walimtetea rubani. Mmoja akapendekeza kura ya siri. Mwingine akasimama na kuanza kueleza habari za ngazi yake mwenyewe, tangu ilipotoka dukani. Dirishani niliuona uwanja wa ndege ukipita chini yetu kwa mara ya nne.

Mhudumu alikuja njiani akitafuta msaada, kama wanavyotafuta daktari mtu akizimia. "Jamani, humu ndani hakuna msuluhishi?"

Nilijikunja kitini. Mume wangu akakohoa.

"Daktari," alisema, "mwambie dada huyu kwamba mama wa dirishani amesuluhisha watu miaka ishirini na mbili. Hakuna kesi iliyomshinda."

Nikamgeukia daktari. "Mwambie hayo angeyasema siku ya kuniaga!"

Daktari alimtazama mume wangu, kisha mimi. "Mama," akasema taratibu, "nadhani amekusikia."

Nikapelekwa mbele, karibu na mlango wa marubani, nikapewa kipaza sauti. Nikawaeleza kanuni ya baraza letu: kabla hujajibu, unarudia alichosema mwenzako, mpaka yeye mwenyewe akiri kwa kusema "ndivyo". Ni kanuni rahisi, na nimeona watu wazima wakilia wakijaribu kuifuata.

"Abiria," ilisema ile sauti nyembamba, "mwambieni mama tumepata habari kwamba yeye na mumewe wanaongea kupitia daktari wa meno. Aanze yeye."

"Mwambieni nakubaliana na huyo aliyesema," alisema rubani.

Hilo ndilo lilikuwa jambo lao la kwanza kukubaliana siku ile. Abiria wakapiga makofi, wakamsukuma mume wangu mpaka mbele. Tukasimama kati ya choo na kabati la vikombe, watu wote wakitutazama, na kipaza sauti kikiwa wazi.

Nilimtazama. "Ulinidhalilisha mbele ya wenzangu. Kazi ya maisha yangu uliigeuza chakula cha mchana."

Akarudia. "Nilikudhalilisha mbele ya wenzako. Kazi ya maisha yako niliigeuza chakula cha mchana."

"Ndivyo," nikasema.

Akakishika kipaza sauti. "Niliogopa," akasema. "Miaka yote hiyo tumekuwa tukionana asubuhi na jioni. Sikujua tutaongea nini mchana kutwa. Nikaona afadhali kuwe na chakula."

Sikuwa nimelitarajia hilo, ila kanuni ni kanuni. "Uliogopa," nikasema. "Hukujua tutaongea nini mchana..." Nikageuka, nikatazama vikombe kabatini.

"Malizia, mama," alisema bwana wa chai. "Tunazunguka."

"...mchana kutwa. Ukaona afadhali kuwe na chakula."

"Ndivyo," akasema mume wangu, na machozi yakamtoka mbele ya watu wote wala hakuyafuta.

Nyuma ya ule mlango tulisikia karatasi ikifunuliwa. Kisha rubani akasoma, kwa sauti ya chini, "Magurudumu?"

Bwana wa chai akaweka kikombe chini.

"Vipago vilikuwa kumi na viwili," ilisema sauti nyembamba. "Kimoja nilikivunja. Niliona aibu."

"Ulikivunja kimoja. Ukaona aibu."

"Ndivyo. Na magurudumu tayari, shemeji."

Shangwe zilizopigwa mle ndani sijawahi kuzisikia tena. Yule bibi alitua akiwa na viatu vyake vya sherehe, na kwa kweli vilimpendeza.

Binti yetu alikuwa amesimama kwenye kizuizi cha wanaosubiri wageni, mtoto kifuani. Hakusalimia wala hakutabasamu. "Mnasemeshana?"

Daktari wa meno, aliyekuwa nyuma yetu na begi lake, alisogea mbele kwa mazoea. Mume wangu akamzuia kwa mkono.

"Tunasemeshana," akasema.

"Mmeongea nini?"

Mume wangu akafikiri. "Ngazi," akasema.

"Ngazi tu, baba?"

Nilikuwa nimeshampokea mtoto. Alikuwa mwepesi, ana joto, na sweta lingemfaa akifika miaka miwili. Nikamgeukia mume wangu, mimi mwenyewe, bila mjumbe.

"Kwa leo inatosha," nikamwambia. "La kuongea kesho mchana utafute wewe."