Doti Ishirini za Kinamasi

Ofisini walimwita Bi Kinamasi, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kila chai ya saa nne alikuwa na hadithi ya kinamasi cha kwao: mafunjo yanayompita mtu mzima kwa urefu, vyura wasiojua kunyamaza, na baba yake, fundi mikeka, akirudi na mzigo kichwani huku maji yakimchuruzika mgongoni. Wenzake walishazijua hadithi zote, lakini walimwacha aseme. Mtu ambaye hajafika kwao miaka sita, angalau apakumbuke.

Kazi yao ilikuwa kuchora ramani ya nchi nzima kwa picha za setilaiti: wapi msitu, wapi shamba, wapi kinamasi, wapi ardhi tupu. Kompyuta hufundishwa kwanza. Unaweka doti, yaani nukta, juu ya picha, unaiambia hapa ni msitu, nayo inatafuta nchi nzima mahali panapofanana na hapo, inapapaka rangi ile ile. Akili haina, ina utii tu. Ndiyo maana palikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: huweki doti mahali ambapo mtu hajapakagua kwa miguu yake.

Sasa vinamasi vilivyokaguliwa vilikuwa vichache, na siku za kukabidhi kazi zilikuwa zinayoyoma. Bi Kinamasi akaweka doti ishirini kwao, kwa kumbukumbu, pale alipochota maji utotoni na pale baba alipokata mafunjo. Picha ilikuwa ya rangi ya kahawia. Akasema moyoni, hiki ni kiangazi tu. Nani wa kumwonyesha kwao?

Kompyuta ikafanya kama ilivyoagizwa. Asubuhi ya kukagua rasimu, mkuu wa kitengo alisimama mbele ya ramani, kikombe mkononi. Upande wa kaskazini, kwenye nchi kavu ambako hata mbuzi hunywa kwa zamu, palikuwa pamejaa vinamasi vya buluu.

"Hongereni," alisema. "Tumemaliza ukame."

Watu wakaangua kicheko. Mkuu hakucheka. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hii kailea nani?"

Wakazifuata doti moja moja mpaka wakafika kwao Bi Kinamasi.

"Ni kiangazi, Mkuu," alijitetea.

Mkuu akafungua picha ya masika. Kahawia. Akafungua ya masika yaliyotangulia. Kahawia vilevile. Waliokuwa wakicheka waliangalia meza zao.

"Nenda ukakague," Mkuu alisema kwa upole. "Zote ishirini."

Mara tatu Bi Kinamasi alishika simu ampigie baba, mara tatu akaiweka. Walikuwa wakizungumza kila mwisho wa mwezi, na mzee hakukosa kusema, "Tupo, mwanangu." Juu ya kinamasi hakuwahi kutamka neno. Moyo wake ukang'ang'ania tumaini hilo: kingekauka, si baba angesema?

Alipofika kwao alimkuta baba mlangoni, amekonda, nyuma yake hakuna hata mkeka mmoja uliotundikwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hatimaye umekuja."

Walitoka pamoja. Nyumba za majirani zilikuwa zimefungwa, nyingine hazina hata paa. Chini ya mteremko udongo ulikuwa umepasuka vipande vipande, mkavu, hauna unyasi. Kwenye kila doti alisimama, akapiga picha nne, kaskazini, mashariki, kusini, magharibi, kisha akajaza fomu: ardhi tupu. Kwenye doti ya saba akashindwa kuvumilia.

"Tangu lini, baba?"

"Huu mwaka wa nne. Walichimba mfereji kule juu, wakayageuza maji. Lakini si unajua?"

"Najua nini?"

"Si unatuona?" Mzee alishangaa kweli. "Kazi yako si kutazama nchi kutoka juu? Maji yalipoanza kupungua, majirani walitaka kwenda kulalamika. Nikawaambia tulieni, binti yangu anaona kila kitu, atasema na wakubwa. Wakasubiri. Mwaka wa pili wakaanza kuhama. Shangazi yako kaondoka wa mwisho, hata kuniaga hakuniaga."

"Na mimi nilipokuwa nikipiga simu?"

"Nilidhani umekatazwa kusema. Kazi za serikali zina siri zake. Sikutaka kukuponza."

Angeweza kudanganya. Angeweza kusema alisema na wakubwa wakampuuza, na mzee angemwamini, tena angempa pole. Uongo ule ulimfika mpaka ulimini.

"Baba, sikutazama."

"Hukuona?"

"Sikutazama. Picha zilikuwepo mezani kwangu, kila mwezi. Nilisema kwetu napajua, nikatazama kwa wengine."

Hasira mzee hakuwa nayo, na heri angekuwa nayo. Aliinama akaokota kipande cha udongo, akakivunja kwa vidole, akapangusa mikono.

"Kumbe," alisema, "ningekuambia tu kwenye simu."

Bi Kinamasi akachuchumaa pale pale, akalia kwa sauti. Baba yake alimwacha alie, kisha akamshika mkono kumwinua.

"Zimebaki ngapi?"

"Kumi na tatu."

"Basi twende, jua linapanda," alisema mzee, akatangulia mbele.