Ikiwasha, Inafanya Kazi

Kwa miaka ishirini na miwili nimewaambia wanawake wa Kilosa neno moja, na mwenyewe nililiamini: ikiwasha, ujue inafanya kazi. Mtu akikunja uso kwenye kiti changu pale saluni Mabwerebwere, mimi naendelea kusugua. Limau, sukari, unga wa mchele na dodoki. Vitu vya asili vitupu. Nikimaliza, uso unang'aa kama sufuria iliyopigwa mchanga, nami nasimama nyuma ya kiti nimeshika kiuno.

Binti yangu Irine ndiye aliyenipinga. Tulifanya kazi pamoja miaka mitatu, na kila nilipokata limau aliguna. Siku moja akasema mbele ya wateja, "Mama, hata upupu ni wa asili." Wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia kama ujuzi umemzidi akafungue saluni yake, na mtoto naye kichwa kigumu kama mamaye, akaenda Mikumi akafungua. Miezi minane ikapita. Kila asubuhi alituma ujumbe, "Shikamoo mama." Nikajibu, "Marahaba." Basi, mpaka kesho yake.

Alhamisi moja akaja Kulwa, binti wa Mzee Jilala wa Tindiga. Jumamosi alikuwa anaolewa kanisani Mikumi na Goodhope, dereva wa watalii, na alitaka tujaribu mekapu mapema. Nilimpamba nikajisifu: fondesheni, poda, wanja, kope za kubandika. Akajipiga picha, akafurahi. Kisha nikavitoa vyote kwa njia yangu. Kope nilizing'oa, uso nikausugua kwa limau na dodoki.

"Mama, inawasha sana," alisema.

"Ikiwasha inafanya kazi. Vumilia, wewe ni bibi harusi."

Akavumilia. Watoto wa kule wamefundishwa wasimbishie mtu mzima.

Ijumaa asubuhi mama yake alisimama mlangoni, amemshika mkono. Kulwa alijifunika mtandio. Alipoufunua, nilikaa chini kwenye kiti cha wateja bila kupenda. Macho yalikuwa yamevimba yakabaki nyufa, na mashavu yamechubuka yanatoa majimaji.

"Mama Irine," mama yake alisema taratibu, "mtoto niliyekuletea jana siye huyu." Heri angenitukana.

"Kesho saa nne," Kulwa alisema. "Kesho saa nne, mama." Akaanza kulia, na machozi yenyewe yakamuunguza.

Nilikuwa na njia mbili. Ningeweza kusema mtoto ana ngozi mbovu, nikampaka fondesheni nzito juu ya vidonda, na kanisani nani angejua? Nakiri wazo hilo lilinijia, tena lilikaa kidogo. Halafu nikachukua simu.

"Shikamoo mama," Irine alipokea. Sauti ilikuwa ya mshangao.

"Marahaba. Irine, nimeunguza mtoto wa watu."

Nilisubiri aniseme. Nilistahili.

"Kwa limau?"

"Kwa limau."

"Usimpake kitu kingine hata kimoja. Weka kitambaa safi chenye maji ya baridi, mpeleke kwa daktari sasa hivi. Mkitoka huko, mje kwangu."

Daktari alimpa dawa, akatuonya ngozi ile isisuguliwe wala kupakwa vipodozi mpaka ipone. Mchana tukashika gari ya Mikumi, watu watatu kiti kimoja.

Irine alimpokea Kulwa kama anapokea yai. Hakumgusa kwanza, alimuuliza: wapi panauma, wapi panawasha, sabuni gani anatumia nyumbani. Mimi niliketi kwenye kibao pembeni, mgeni katika saluni ya mwanangu. Nilitazama rafu zake. Hapakuwa na mengi: mafuta ya alizeti yasiyo na manukato, pamba, na vipande vya kanga kuukuu vilivyofuliwa mpaka vikawa laini.

"Kesho utanifunika haya mashavu?" Kulwa aliuliza.

"Hapana, mdogo wangu. Nikiyafunika kesho, utauguza uso mwezi mzima wa ndoa yako. Midomo ni mizima, nitakupaka rangi kidogo. Tutajaribu kwanza nyuma ya sikio, tulale tuone. Uso uliobaki utaenda nao ulivyo."

Kulwa alilia tena. Mama yake akamwambia maneno kwa Kisukuma, sikuyaelewa, ila binti alinyamaza.

Jumamosi uvimbe ulikuwa umeshuka, macho yamefunguka. Mabaka yalibaki. Kanisani mashangazi wa bwana harusi walinong'ona, nami nilijificha nyuma ya nguzo nikitamani ardhi ipasuke. Goodhope alipofunua shela alimtazama mkewe kwa muda. Kisha akatoa leso na kumfuta chozi kwa ncha yake, polepole, bila kugusa shavu. Hakuna aliyemfundisha. Nilimwonea wivu mkono wake.

Jioni tulirudi saluni kwake, mimi na Irine. Nilitaka kuaga nikawahi gari.

"Kaa, mama," alisema. "Na wewe."

Nilijua anataka nini. Mimi nina mabaka meusi mashavuni, kazi ya limau langu mwenyewe, na kila asubuhi nayafunika kwa poda kabla sijafungua mlango. Irine anayajua. Hatujawahi kuyataja.

Nilikaa. Alilowesha pamba kwa mafuta, akaiweka juu ya jicho langu lililofumbwa, akaiacha. Hakusugua. Wanja ulilainika wenyewe, akaupangusa kwa kipande cha kanga, akashuka shavuni.

"Inauma?" aliuliza.

Miaka ishirini na miwili, nyuso zote zile, sikuwahi kumuuliza mtu swali hilo. Nikaikumbuka Krismasi moja, Irine ana miaka saba, kichwa chake nimekibana kati ya magoti yangu, namsugua ang'ae kanisani. Anasema mama inauma. Nami namjibu nilichowajibu wote.

"Haiumi," nikasema, na machozi yakanitoka kwa sababu kweli haikuuma. "Irine, mwanangu, nisamehe."

Mkono wake ulisimama kidogo shavuni pangu.

"Fumba macho, mama," alisema. "Jicho la pili bado."