Haki ya Mtani Mwaka wa Kipindupindu

Mwaka ule wa kipindupindu, Paulina alikuwa na msiba mmoja wa kulia hadharani na hofu moja ya kuificha. Baba yake, Mzee Stefano, alikuwa amelala chumbani chini ya shuka, ameaga dunia alfajiri baada ya kutapika na kuharisha usiku kucha. Chumba cha nyuma, kwenye magunia ya mahindi, Paulina alikuwa amemlaza binti yake Elizabeti wa miaka minne, na mtoto naye alikuwa ameshaanza kuharisha. Watu aliwaambia ana homa tu. Angesemaje ukweli? Balozi wa nyumba kumi alikwisha kupita akitangaza kwamba anayeficha mgonjwa anavunja sheria, na wenye midomo walisema kambi ya wagonjwa kule Mikumi mtu huingia kwa miguu yake akatoka amebebwa. Mzee mwenyewe alimwapisha Paulina kwamba hatampeleka huko, na Paulina akatii.

Kijiji chao kilikuwa vilimani juu ya Mikumi, Wasagara watupu, Waanglikana wa kuimba mpaka bati litetemeke. Kwao kumzika mtu bila kumwosha ni kumtukana. Basi wanawake walishabandika maharage, maji ya kuogeshea yalishachotwa, na watu walikuwa wanaendelea kuingia uani na mikeka yao ya kulalia matanga.

Jua lilipokaribia utosini, Landrova ya wilaya ikapanda ikiguna. Akashuka Bwana Afya, Urbanus, mtu mfupi mwenye kaki iliyonyooshwa kwelikweli, na nyuma yake askari wawili na pipa la dawa. Aliwaamkia wazee, marahaba zikatoka shingo upande. Hakuzunguka. Alisema marehemu atazikwa leo hii hii, watakaomshika ni watu wa afya, chakula cha msiba hakitaliwa, na waliokuja kulala matanga wakunje mikeka warudi kwao.

Lazaro, baba mdogo wa Paulina, alikuwa amejaza mlango kwa mwili wake, panga mkononi. Akamwuliza amri hiyo kaitoa nani, na kama ni wakubwa wa wilaya kule Kilosa, Kilosa walianza lini kumjua Stefano.

Hapo ndipo Paulina alipoanza kumtazama yule mtu vizuri. Walipohamishwa kutoka mashamba yao ya juu kuja kupangwa kijijini, hakuna aliyejisumbua kuwaeleza. Walitajiwa siku tu wakabeba vyungu vyao. Huyu alieleza, tena kwa upole, utadhani anamwelekeza mgeni njia. Alisema mhudumu wa zahanati akiona mtu anaharisha maji kama ya mchele hana ruhusa ya kunyamaza, lazima ampashe habari Mganga Mkuu wa Wilaya. Mganga Mkuu naye hana ruhusa ya kunyamaza. Habari inafika kwa Mkurugenzi wa Maendeleo, inakwenda mkoani Morogoro, inakwenda wizarani Dar es Salaam. Amri inarudi kwa njia ile ile, na mwisho wa njia yenyewe ndiye yeye, Urbanus. Soko la Kimamba alilifunga yeye, na wakubwa wake mwenyewe wakakosa mchicha.

"Ingekuwa amri yangu, mngenipiga nikakimbia," alisema. "Hii ni sheria ya nchi. Hata Mkuu wa Wilaya akiugua, atalala chini ya turubai lile lile la kambini."

Jamani, Paulina aliyapenda maneno yale, pamoja na hofu yake yote. Lakini Lazaro hakusogea hata inchi. Askari wakaanza kukaribia mlango, na sheria ilikuwa upande wao. Urbanus akawageukia, akawaambia warudi garini wakakae. Kisha akamtazama Lazaro.

"Nyie si Wasagara?"

"Ndio sisi."

"Mimi Mnyamwezi wa Tabora."

Kila mtu pale alijua maana yake. Babu zao walibeba mizigo pamoja kwenye njia moja ya kwenda pwani, wakazikana njiani, na tangu hapo Mnyamwezi na Msagara ni watani. Na mtani akifika msibani ana haki zake: atamcheka maiti, atamwaga chakula, atashika maiti kabla ya ndugu, na atazuia watu wasitoke kaburini mpaka apewe chake. Anayemkasirikia mtani msibani huyo ndiye mwenye aibu.

"Kumbe Stefano amekufa kweli," Urbanus akaanza, mikono kiunoni. "Mchoyo huyu, kasikia mtani yuko njiani anakuja kula, akaona afadhali afe."

Bibi mmoja mwenye machozi bado mashavuni akaangua kicheko, wengine wakafuata. Urbanus akavitembelea vyungu kimoja kimoja, akavipiga teke. Maharage yote chini! Wanawake walimrushia majivu na matusi ya utani, naye akawarudishia kwa riba. Angekuwa mwingine, wangemvunja mguu. Alipofika mlangoni akamsukuma Lazaro begani, akamwambia apishe, hii kazi ya watani, naye Lazaro, panga na yote, akajikuta anacheka huku analia, akapisha.

Paulina alichungulia dirishani. Urbanus alivaa glavu za mpira na mabuti, akachanganya dawa kwenye ndoo. Ndani hakutania tena. Alimwosha Mzee Stefano kwa ile dawa kuanzia kichwani, akampangusa uso, akamnyoosha vidole vilivyokuwa vimekunjamana. Aliuliza mzee alikuwa akivaa nini kwenda kanisani, Paulina akamwonyesha koti, akamvika. Amri ilimtaka ammwagie dawa tu na kumfunga. Hayo mengine aliyafanya kwa moyo wake, wala hakukiuka neno moja la sheria. Paulina alilia kwa sauti, na katika kilio kile mlikuwa na shukrani.

Walimzika pembeni mwa mkewe, kaburi refu, waimbaji wamesimama mbali kama walivyoagizwa. Mchanga ulipokwisha kusawazishwa, Urbanus akasimama njiani na koleo mkononi. Hakuna kuondoka, alisema, mpaka mtani apewe haki yake. Lazaro akaleta jogoo. Urbanus akamkataa: atamla wapi, na sheria imemkataza kula kwao? Akataka kitu cha maana. Watu wakacheka, wakaanza kubishana wampe nini.

Paulina hakucheka. Alifikiria kiapo cha baba yake, alifikiria tangazo la balozi, alifikiria turubai. Kisha akaitazama ile mikono iliyokuwa imempangusa baba yake uso. Akaondoka bila kuaga, akaingia nyumbani. Waliodhani amekwenda kufungua mbuzi walimwona anarudi na Elizabeti kifuani, macho ya mtoto yamezama, midomo imekauka.

"Mtani," alisema, "haki yako hii hapa. Nilimficha."

Urbanus akaangusha koleo, akampokea mtoto kwa mikono miwili, akamfinya ngozi ya tumbo, ngozi ikabaki imesimama, dalili kwamba maji yamemwishia mwilini. Kuhusu kuficha hakusema neno. Alimwita dereva alete chupa ya maji ya chumvi na sukari, akaanza kumnywesha palepale kwa kijiko, taratibu, akimfungulia Paulina mlango wa gari kwa kiwiko. Alimwambia apande, kwani kule kambini mama haachwi nje.

"Mimi nimeshapewa changu," akawaambia waliobaki. "Sasa zamu yenu. Njooni Mikumi mnidai huyu, mzima."

Jumapili iliyofuata Lazaro aliteremka kwenda kumdai. Alirudi kilimani jioni, Paulina akimfuata nyuma, na Elizabeti juu ya mabega ya Lazaro analilia muwa.