Neno la Kukataa

Dada yangu aliwafundisha lugha wageni waliokuja mjini kikazi: wauguzi, mafundi, wake za mainjinia. Hakuwaandikia ubaoni maneno ya kukariri. Aliingia darasani na birika, akampa kila mmoja kikombe, akasema mimina, nao wakamimina. Kesho yake walimimina mchanga. Baadaye, walipokwisha kusahau kidogo, alilirudisha neno lile kwenye habari za mvua. Walimu wenzake walimwita Mama Birika. Alicheka nao, na wanafunzi wake wakaenda sokoni wakaongea.

Kiharusi kilimwachia neno moja: ndiyo. Chai? Ndiyo. Unaumwa? Ndiyo. Shemeji yake mmoja alimuuliza kwa utani kama yeye ni kiboko, akajibu ndiyo, kisha akacheka mpaka machozi, maana akili alikuwa nayo yote. Ni mdomo tu uliomgomea.

Kaka yetu mkubwa alitaka kumhamishia kwake na kuipangisha nyumba ya dada. Dada hakutaka; aliposikia habari hiyo alinishika kwa mkono wake mzima asiniachie. Lakini kaka alipomuuliza mbele ya shangazi kama atakwenda, mdomo ukatoa lile lile.

“Umesikia mwenyewe, bibie,” kaka akaniambia. Akasema atarudi mwisho wa mwezi na gari.

Nikaanza kumfundisha kama alivyofundisha yeye. Nilimpa chai iliyopoa. Kabla hajaisukuma nikasema sitaki, taratibu, anitazame midomo. Kisha sweta linalowasha. Kisha redio yenye mikwaruzo. Nikaliacha neno hilo siku kadhaa, nikalirudisha. Lilianza kama pumzi, likapata sauti, hatimaye likatoka zima, na wa kwanza kulipokea alikuwa jirani mmoja mwenye sala ndefu, ndiyo kwanza anafumba macho. Tulicheka hadi jioni.

Kaka alikuja na pikapu na wapagazi wawili. Shangazi alikuwapo. Kaka akauliza swali lile lile. Dada akaukusanya mdomo, jasho likimtoka.

“Sitaki.”

Shangazi akasema basi, mtu ameshasema. Kaka hakukasirika. Alinitazama, akatabasamu, akachuchumaa mbele ya kiti cha dada.

“Sawa, mama. Kwa hiyo unataka kubaki hapa?”

Nilijua kabla hajajibu. Neno lile lilikuwa bado changa, halijazoea kuyapisha mengine. Likishatoka linaziba njia. Macho ya dada yalinitafuta.

“Sitaki,” akasema. Akatikisa kichwa, akajaribu tena. “Sitaki. Sitaki.”

“Umemkaririsha kama kasuku,” kaka akaniambia.

“Kaka, unajua anachotaka.”

“Mimi nimesikia alichosema,” akajibu, akawaita wapagazi.

Kwake alipewa chumba safi chenye dirisha. Wifi alimhudumia vizuri, siwezi kusema vinginevyo, ila alimjibia kila swali kabla hajafungua mdomo. Nilipokwenda kumwona nilianza naye neno jipya: nyumbani. Hatukufika nalo mbali. Mvua zilipoanza alikuwa hajaribu tena, ananitazama tu midomo, na kabla hazijaisha tukamzika.

Msibani kaka alisimama akawaambia watu kwamba marehemu alichagua mwenyewe kuja kwake, na shangazi ni shahidi. Shangazi akatazama chini. Mimi nilikuwa napanga viti. Niliendelea kupanga, maana watu walikuwa bado wanaingia.