Sauti ya Mideva Saa Saba Mchana

Jumanne saa saba mchana Mideva alikuwa wa nne kwenye foleni ya maji kwa Nyamai, muuza maji wa pale Mashimoni, na mitungi yake miwili ya lita ishirini, sauti yake ilipotoka kwenda kusoma matangazo ya vifo. Alikuwa akimwuliza mama wa mbele yake kama maji yana nguvu leo. Alifika kwenye neno "maji" akanyamaza. Redio ya Nyamai, iliyotundikwa kwenye msumari juu ya mfereji, ikaendelea kwa sauti ile ile kuwatangazia jamaa na marafiki kifo cha mzee mmoja wa Vihiga.

Zamu yake ilipofika, mama wa nyuma alimsukuma bega.

"Usimsumbue," Nyamai akasema. "Yuko kwa redio. Ngojeni amalize."

"Na leo wamekufa wengi," mama akalalamika. "Tutachelewa kupika."

Wakangoja. Saa saba na dakika kumi redio ikasema, "Msomaji wenu alikuwa Audrey Akoth." Hilo pia ilisema kwa sauti ya Mideva, bila aibu hata kidogo.

Mideva alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, akisomea mawasiliano. Audrey, binti wa Kawangware, alikuwa darasa hilo hilo. Katika darasa lao hakuna aliyenunua kaseti mpya. Mtu alichukua kaseti ya kwaya kutoka nyumbani, akaziba kwa karatasi iliyotafunwa vile vitundu viwili vya juu vinavyozuia kurekodi, akarekodi juu ya kwaya. Ndivyo Mideva na Audrey walivyorekodi majaribio yao ya kuomba nafasi redioni, kwenye kaseti moja, Mideva upande wa kwanza na Audrey upande wa pili. Kaseti ilikuwa na maandishi ya kalamu, "Audrey Akoth, Kawangware", ambayo baba yake Audrey aliyaandika ili majirani wasiichukue. Walisema wataandika majina vizuri baadaye. Kisha wanafunzi wakagoma, chuo kikafungwa, na kila mmoja akaamriwa kurudi kwao na kutia sahihi kwa chifu kila wiki.

Chifu wa kina Mideva alitaka sahihi Jumanne asubuhi. Redioni walitaka kaseti Jumanne hiyo hiyo kabla ya saa sita. Audrey alikuwa anatia sahihi Alhamisi, kwa hiyo alibeba kaseti. Redioni wakasikiliza upande wa kwanza, wakaridhika, wakasoma jina, wakauliza Audrey ni nani. Audrey akainua mkono.

Tangu hapo, kila Audrey alipokaa mbele ya maikrofoni, sauti ya Mideva iliondoka ilipo ikamwendea. Akitoka studio, Audrey aliongea kwa sauti yake mwenyewe, ya puani kidogo, ambayo hakuna aliyeiomba.

Mideva aliona wivu, na hakujisingizia kwamba ni kitu kingine. Kwanza alimwonea wivu Audrey. Baadaye aliionea wivu sauti yenyewe. Ilikuwa imezoea kurudi papo hapo Audrey akimaliza, lakini kuanzia mwezi wa pili wa kazi hiyo ikaanza kurudi saa nane, mara saa tisa, imechangamka, kama mtu aliyetoka arusi ambayo mwenzake hakualikwa. Ilikuwa imejifunza kutamka majina ya mitaa ya matajiri polepole, kwa raha. Mideva alitaka kuiuliza ilikuwa wapi, lakini ilimbidi aiulize kwa kuitumia hiyo hiyo, na kila alipojaribu alisikia swali likitoka tamu kupita alivyokusudia. Ilimkera sana.

Chuo kilipofunguliwa, ratiba ya mtihani wa kusoma kwa mdomo ilibandikwa ukutani. Aliyeanguka mtihani huo alirudia mwaka, na mama yake Mideva, aliyefulia watu nguo, alikwisha kusema kwamba hana mwaka mwingine. Mideva alipangiwa Jumatano, saa saba mchana. Akaenda kwa mwalimu wao, Daktari Githinji.

"Naomba unipange saa nne, Daktari. Saa saba sauti yangu iko kazini."

"Najua. Huwa naisikiliza. Ni kazi ya nani hiyo?"

"Ya Audrey."

"Basi ongea na Audrey. Mimi siwezi kubadilisha ratiba kwa sababu ya kazi ya mtu mwingine."

Jumapili Mideva akatembea kutoka kwao Gatwekera hadi Kawangware. Alimkuta Audrey amekaa mlangoni na kikombe cha maji ya moto yenye ndimu na asali. Mideva alikitazama kikombe kile kwa muda. Kwao ndimu ilionekana mtu akiwa mgonjwa.

"Sasa, Mideva."

"Poa. Hiyo ni ya nini?"

"Ni ya sauti," Audrey akasema. "Baridi haiitaki kabisa."

Baba yake, Mzee Osewe, fundi seremala, alikuwa akipiga randa ubao uani. Akasimama kumsalimia mgeni.

"Sauti yako ni nzuri sana, mtoto wangu," akamwambia. "Usijali. Hapa tunaitunza."

Mideva alishukuru, kwa sababu ni mzee, lakini moyoni aliwaka. Akamwomba Audrey jambo moja tu, Jumatano asiende redioni.

"Nikikosa siku moja watampa mtu mwingine hiyo kazi," Audrey akasema.

"Lakini sauti ni yangu."

"Ni yako. Nani amekataa? Kazi ndiyo yangu."

"Uliwaambia ile side ya kwanza ilikuwa mimi?"

"Waliuliza Audrey ni nani. Mimi ndiye Audrey. Ulitaka niseme nini? Na wewe ulikuwa kwa chifu."

Mideva akainuka aondoke. Audrey alimsindikiza mpaka karibu na Riruta, akamshauri asipige kelele njiani kwenye vumbi.

Jumatano Mideva aliketi mbele ya watahini watatu, akapewa karatasi ya kusoma. Akafungua mdomo, na saa ya ukutani ikafika saa saba. Watahini walisubiri kwa heshima. Daktari Githinji akavuta droo, akatoa redio ndogo, akaiweka mezani.

Walisikiliza matangazo yote, tangu la kwanza mpaka la mwisho. Mtahini mmoja alifumba macho. Mwingine alisema hajasikia pumzi iliyopangwa vizuri namna ile tangu aanze kufundisha, na wa tatu akasema ndiyo, ni sauti ya huyu msichana, hata kipofu angejua. Mideva alitikisa kichwa kukubali. Alijisikia akisoma vizuri kuliko siku zote, na roho ikamuuma hadi machozi yakamtoka.

"Msomaji wenu alikuwa Audrey Akoth," redio ikasema.

Daktari Githinji akafunua daftari, akatafuta jina la Audrey Akoth, akaliandikia alama tisini na mbili. Kisha akashuka mistari kadhaa hadi jina la Mideva. Akamwangalia alivyokaa kwenye kiti, mikono juu ya karatasi, akaandika kwamba mtahiniwa hakusoma.

"Pole," akamwambia. "Lakini umeona mwenyewe."

Mideva alifika Gatwekera jioni, bado hana sauti. Mama yake alikuwa amewasha stovu. Betri za redio alikuwa amezianika juani tangu asubuhi ili zipate nguvu za mchana, na kwa hiyo alikuwa amesikiliza yote.

"Mtihani ulikuwaje?" mama akauliza.

Mideva akaonyesha koo. Mama akaelewa, akammiminia chai. Wakakaa. Chai ilikuwa nusu kikombe sauti iliporudi, imechoka kwa furaha, ikakaa mahali pake. Mideva akavuta pumzi ili amwambie mama kwamba ameanguka na ni lazima arudie mwaka.

"Msomaji wenu alikuwa Audrey Akoth," akasema.

Mama aliitikia kwa kichwa taratibu. "Nilikusikia," akamwambia. "Ulisoma vizuri." Kisha akatoa betri kwenye redio, akazipanga dirishani, tayari kwa jua la kesho.