Duara Linakuja Upande Wangu

…na taa inalia tena, ile tyubu iliyo juu ya kichwa changu hasa, si ya Odile wala ya Leandro, yangu, iiiii, haikomi, na Hank ndiyo kwanza anakohoa aseme jina lake kana kwamba hatumjui, miaka yote hii anakuja kwenye chumba hiki cha chini cha maktaba akinuka vitunguu vya mgahawani kwake, lakini ndiyo utaratibu, na mimi ndiye niliyeuweka, kabla ya shairi lolote tunazunguka duara, taja jina, sema unahitaji nini leo ili uweze kukaa nasi, usiombe radhi, hiyo ya usiombe radhi niliiandika mwenyewe kwa rangi ya kijani nikaibandika mlangoni, wakaja watu wa sanaa kutoka Toronto wakaipiga picha, wakasema ni jambo la ajabu, Tamsin, umeupa mji mzima wa Hamilton mahali pa kupumulia, nami nikatabasamu lile tabasamu nililojifunza mbele ya kioo nikiwa na miaka kumi… "Mimi Hank," anasema Hank, "leo msinitazame nikisoma. Tazameni viatu." "Viatu vyenyewe vimechoka hivyo," anasema Odile, watu wanacheka, Hank anacheka kuliko wote, ona ilivyo rahisi, ameomba, amepewa, basi, na bado watu wawili nifikiwe mimi, nami najua nitakachosema, nitasema naitwa Tamsin, nipo sawa, tuendelee, kama ninavyosema kila Jumamosi, chumba kizima nilikijenga ili watu wasijifiche na anayejificha humu ni mimi peke yangu, iiiii, hii taa itaniua, nifungue zipu ya koti, nifunge, nifungue, vidole vipate kazi… Corinne, mpenzi wangu, yuko wapi saa hizi, atakuwa keshafika kwa dada yake, atakuwa amevua buti amekaa na chai jikoni na dada yake anamwambia si nilikwambia, wale washairi, la, Corinne hatasema vibaya juu yangu hata kwa dada yake, na hilo ndilo linalonichoma, alikunja sweta zake asubuhi polepole bila kugonga mlango hata mmoja kwa sababu anajua milango ikigongwa mimi naumwa kichwa siku nzima, mtu anakuacha na bado anakuhurumia masikio… hajaniacha, hakusema ananiacha, alisema "Sikuulizi tena, Tam. Watu wa maktaba huko Barton Street wanajua ya moyoni mwako kuliko mimi. Mimi nakaa nawe nyumba moja na habari zako nazisikia kwenye spika, pamoja na wageni. Ukiwa tayari kuniambia, unajua namba," na mimi, mwanga wa mji, mshairi wa vituo vya basi, nikasema nini, nikasema "Nipo sawa, mpenzi, endesha taratibu, barabara ina barafu."

Vituo vya basi nilivipaka rangi kweli, hakuna wa kunipokonya hilo, niliwaomba watu wa mtaa mstari mmoja mmoja, wauza mboga, wazee wa kiwanda cha chuma, mama aliyefiwa, nikaiandika kwenye vioo kwa brashi majira yote ya joto, na kwenye kioo cha kituo cha mwisho niliweka mstari wangu, unaohusu shingo ya Corinne, na Corinne aliuona akienda kazini, ameshika mkoba, amesimama na watu anaosafiri nao kila siku, hakujua kama nilikuwa nimewaza vile juu yake mpaka aliposoma kwenye kioo, alilia, nami nikadhani ni furaha, pengine ilikuwa furaha, sasa sijui… tangu mwanzo ilikuwa hivyo, la kwanza kabisa nililisoma kwenye baa kule James Street, nina miaka kumi na tisa, shairi la msichana wa timu ya kuogelea, wote wakajua siku ile kwamba napenda wanawake, mlevi wa mlangoni alijua, anayeuza bia alijua, mama yangu akaja kuambiwa na jirani kanisani, na makofi yale, Mungu wangu, yalinipiga kama mvua ya mawe kwenye bati, nikatoka nyuma nikatapika, ndiyo maana hapa hatupigi makofi, tunapunga mikono hewani, watu wanasema ni desturi nzuri, ya heshima, hawajui inatoka kwenye matapishi… na usonji vilevile, daktari alinipa karatasi Jumatatu, Ijumaa nikausema kwenye maikrofoni, mama akanipigia, "Usonji? Wewe? Na mdomo wote huo jukwaani?", nilicheka mpaka nikakaa chini, maana ana haki, jukwaani nina mdomo, mtu akiwa mbali, gizani, simjui, naweza kumpa figo, akikaa mezani na mimi akinishika mkono akauliza una nini, nasema nipo sawa… "Leandro," anasema Leandro kutoka sakafuni, kwa sababu yeye hulala chini ya meza, "mimi nahitaji kubaki huku, na mtu asinikanyage kama wiki iliyopita, sitaji majina, Odile." "Ulikuwa umelala kama zulia, ningejuaje?" "Zulia halisemi aa!" na wanacheka tena, nami nacheka nusu sekunde baada yao kama kawaida yangu, zipu juu, zipu chini… na Jumamosi iliyopita Corinne akaja na supu, alitaka kunishangaza, akanikuta kwenye gari hapo nje ya maktaba, najitikisa mbele nyuma, sina sauti, kila baada ya mkutano ndivyo ninavyokuwa, saa nzima, tangu majira ya kuchipua, na yeye miezi yote amekuwa akidhani nabaki kupiga soga na watu, akagonga kioo kwa ukucha, taratibu, "Tam, kuna nini?" na supu mkononi inatoa moshi, nikashusha kioo nikasema, najichukia kwa hili, nikasema nipo sawa, na supu nikaisifu.

"Haya, mimi Odile," anasema Odile, ameshika soksi yake anayofuma, miaka thelathini aliendesha basi la mji huyu na bado anasema kama anawataka watu wasogee nyuma, "macho yangu tangu yapasuliwe hayataki giza, basi taa ibaki inawaka, tafadhali, najua inawakera wengine, lakini ndiyo haja yangu," basi, imekwisha, taa siwezi kuomba izimwe sasa, nani atamnyang'anya Odile macho, iiiii, na amenigeukia, wote wamenigeukia isipokuwa Hank anayetazama viatu vyake mwenyewe, "Na wewe, Tam?" na lipo tayari ulimini, nipo sawa tuendelee, lakini halitoki, linatoka jingine, naliona likija zima zima, nimechoka, siwezi kuongoza tena, sijaandika kitu tangu theluji ya mwaka jana, kila Jumamosi nakufa kwenye gari, na ni zuri, hilo ndilo la kutisha, lina mdundo, likitoka Odile atafuta macho, mikono itapunga, kesho Hank atamwambia mtu, keshokutwa Corinne ataambiwa na jirani, ulisikia mwenzio alivyosema maktaba, tulilia… tena, kwenye spika tena, pamoja na wageni… na hawa si wageni, nawapenda, lakini si hawa walioniletea supu. "Usihangaike," anasema Odile, "tunangoja," taa inalia, na ninavyowatazama naona wanangoja shairi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ninalo, na siwapi. "Naitwa Tamsin," nasema. "Siko sawa. Nahitaji msiniulize kwa nini mpaka nimpigie Corinne."