Kiuno cha Estelle

Nitasema ukweli tangu mwanzo ili nisihangaike kuuficha baadaye: nilimwonea Estelle wivu. Si ule wivu wa mdomoni, wa kusema "natamani ningekuwa wewe" huku mnacheka na kugongana viganja. Wangu ulikaa tumboni kama chakula kilichochacha. Tena nilijua hadi ukubwa wake, kwa sababu mimi ni fundi cherehani, na kila mwaka Estelle alinitumia kipimo cha kiuno chake kutoka Kanada.

Tulikimbia kutoka Uvira, kule Kongo, pamoja, tukawa wakimbizi. Hapa Kampala tulikaa chumba kimoja cha Katwe miaka sita, nyuma ya mafundi wanaogonga mabati kutwa nzima, mimi na mwanangu Bénit, yeye na mwanawe Arsène, magodoro mawili. Siku ya kwenda kuandikishwa kwa ajili ya kupelekwa nchi ya tatu tulipanga foleni pamoja. Nilikuwa mbele yake. Nikainama kumfunga Bénit kamba ya kiatu, Estelle akaitwa. Basi faili lake likatembea na langu likalala, na nikienda kuliuliza naambiwa lipo, nisubiri. Najua watu watasema kamba ya kiatu haiwezi kuamua maisha ya mtu. Wao hawakuwa kwenye foleni ile.

Estelle alipanda ndege akiwa na kiuno cha inchi ishirini na nane. Gauni la safari nilimshonea mimi.

Sisi Wakongo sherehe bila sare hatuitambui. Kinachaguliwa kitenge kimoja, wanawake wote wa familia wanakivaa, na kuwa mbali si kisingizio. Aliye Ulaya au Amerika anashonewa nguo huku, anaivaa kulekule siku ya sherehe na kuonekana kwenye simu. Kwa hiyo daftari langu limejaa watu ambao hawajakanyaga Katwe kwa miaka. Wananisomea kifua, kiuno, nyonga, na mimi nikiandika najua nani anakula na nani anakula vizuri.

Estelle alikula vizuri. Mwaka wa kwanza kiuno kilikuwa thelathini. Halafu thelathini na tatu. Mwaka jana thelathini na sita! Inchi nane za siagi, na bado hakuacha kulalamika.

"Yaya, huku kila kitu kiko beyi!" alinirekodia sauti siku moja; yaya kwetu ni dada mkubwa. "Lenga-lenga, ile muchicha yetu, kafungu kamoja, tena kamegandishwa kama jiwe, ni beyi ya kuku muzima wa Kampala. Nyumba inakula mushahara yote. Na jirani, yaya, mwaka ya pili hii, sijue hata jina yake."

Nilimsikiliza nikiwa nimepandisha cherehani juu ya meza, kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha na maji ya mtaro yalikuwa yameingia kibandani ninamoshonea na kila kilichokuwa mtaroni. Nikampigia. Nikamuuliza, hospitali unalipa? Hapana, yaya. Shule ya Arsène unalipa? Hapana. Na maji ya moto? Akasema, "Inatoka ku ukuta." Basi unalia nini, Estelle? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, nilimwambia, na nikakata simu kwa kusingizia mteja.

Jirani yangu Akwero, anayekaanga chapati kibanda cha pili, alikuwa amesikia yote. Akwero ni mtu wa Kitgum, na Kiswahili chake ni kile cha kambi za askari alikokulia.

"Wewe roho yako iko na moto," alisema. "Bwana yangu Kidega alienda kulinda Qatar miaka mbili. Alirudi na friji. Sasa friji iko, lakini yeye nakaa pale kama mugeni, nakula kimya, hata toto naogopa yeye. Kila kitu iko na bei yake."

"Niletee hiyo friji," nikamjibu, "na hicho kimya chake nitakichukua pia."

Alicheka mpaka akaunguza chapati. Wanasema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mimi niliushiriki miaka minne na sikukonda hata inchi moja.

Mwaka huu Exaucée, mtoto wa marehemu dada yake Estelle, akapata mchumba. Harusi ikapangwa kanisani kwetu, Nakawa. Nikaenda soko la Owino na wanawake wenzangu tukachagua kitenge cha buluu chenye ndege wa manjano. Estelle asingeweza kuja, nauli ilimshinda, lakini sare lazima. Sauti yake ikaingia kwenye simu asubuhi nikiwa natia mafuta kwenye cherehani.

"Kiuno andika tatu-sita, kama mwaka jana. Kifua pia na nyonga, yote kama mwaka jana." Halafu akashusha pumzi na kuongeza, "Bahati yako, yaya. Weye uko nyumbani."

Nyumbani! Nilirudia kuisikiliza sauti hiyo mara tatu. Nyumbani ni wapi, Katwe? Hapa ambapo Bénit amerudishwa kutoka shuleni mara mbili muhula mmoja kwa ajili ya ada? Huyu mtu amelala kwenye chumba chenye joto la mitambo, kiuno chake hakipungui hata akitaka, na ananionea mimi wivu wa mtaro?

Nikachukua chaki. Kwenye daftari niliandika thelathini na sita, lakini kwenye kitambaa nikachora thelathini na mbili. Kifua na nyonga navyo nikavipunguza vilevile, ili gauni lipendeze kwenye hanga na limkatae mwenyewe. Nililiona jambo lote kwa macho yangu: Estelle mbele ya kioo, zipu imekwama nusu ya mgongo, saa ya harusi imefika. Angelalamika kwenye kundi letu la simu, na mimi ningemjibu mbele ya wote, kwa upole, "Kumbe umenenepa tena, dada? Kanada imekukubali."

Na hapo sikutosheka. Kila fundi wa heshima huacha kitambaa cha akiba ndani ya mshono, vidole viwili kila upande, ili mwenye nguo akiongezeka mshono ufumuliwe na nguo ipanuliwe. Marie-Louise aliyenifundisha kazi kule Uvira alikuwa anatuambia kwamba nguo isiyo na akiba ni nguo ya maiti, kwa sababu maiti hanenepi. Nilimkumbuka vizuri kabisa. Kisha nikachukua mkasi nikaikata akiba yote, kushoto na kulia, ili hata fundi wa huko Kanada asiweze kuliokoa gauni lile. Vipande vyake nikavitupa kwenye kikapu cha vitambaa.

Familia ya Mkongo mwenzetu Zéphyrin, ambayo faili lake lilikuwa limeiva, ilikuwa inasafiri wiki hiyo kwenda mji uleule wa Estelle. Nikawapa gauni walibebe. Fikiria: hata nguo niliyoishona kwa mkono wangu ilipanda ndege, mimi nikabaki kuwapungia mkono.

Nikasubiri malalamiko. Wiki ya kwanza kimya. Wiki ya pili Estelle akaandika maneno mawili tu: "Imefika, asante." Nikafurahi. Nikajisemea kwamba ameona aibu, sasa anajinyima chakula ili aingie.

Siku ya harusi, saa tisa mchana, Exaucée aliomba simu iwekwe juu ya meza ya keki ili mama yake mdogo aonekane. Huko kwake ilikuwa saa moja asubuhi. Estelle akatokea jikoni mwake, amerudi nyuma hatua chache ili aonekane mzima. Mimi nilijisogeza karibu kabisa na meza. Sitaficha, nilikuja kuangalia zipu.

Estelle akageuka taratibu, mikono juu, kama tulivyocheza zamani. Zipu ilikuwa imefungwa hadi juu. Gauni lilimkaa mwilini bila mkunjo hata mmoja.

Wanawake wakapiga vigelegele. "Angalia shepu! Amekuwa kama muzungu!" Mwingine akauliza anafanya mazoezi gani. Mimi sikupiga kigelegele. Tangu mwaka jana picha zake zilikuwa za koti nene na uso wenye vipodozi, na sasa koti halikuwapo. Niliona mifupa ya mabega. Niliona shingo.

"Munipatie Mama Bénit," Estelle akasema. "Peke yake."

Nikatoka na simu hadi nyuma ya kanisa, penye matangi ya maji. Alikuwa ameketi. Chini ya macho kulikuwa na weusi ambao hata poda haikuweza kuufunika.

"Ulijuaje?" akaniuliza.

Nikaisogeza simu karibu na uso.

"Yaya, nilikudanganya. Vile vipimo bilikuwa bya zamani. Ningekutumia bya kweli, ungesoma, na Katwe yote ingejua Estelle amekonda, Kanada imemushinda. Nilishanunua hata mukanda na pini, niikaze gauni kwa nyuma. Nikaifungua, nikavaa." Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Ikaingia kama ngozi. Nililia, yaya. Batu bote huku wananiona kila siku, hakuna hata mumoja ameniuliza. Weye uko mbali hivi, ukaniona."

Akanieleza. Kodi ilipandishwa. Usiku anageuza wazee vitandani, mchana anafagia ofisi, na mlo ni mmoja, Arsène akila yeye anaonja tu. Nilisikiliza nikiwa nimeegemea tangi. Nilitamani aache kunishukuru. Kila asante yake ilinirudisha pale mezani na mkasi mkononi, na nilijichukia, tena nilimkasirikia kidogo, kwa sababu hata huzuni yake ilikuwa kubwa kuliko yangu.

"Nipe kiuno cha kweli," nikasema hatimaye. "Nakiandika."

"Tatu-moja na nusu."

Sikuwa na kalamu. Nikakariri.

"Lakini haizuru," akasema, akijaribu kucheka. "Arsène anaanza kazi mwezi ujao, nitaacha moja ya zangu. Nikinenepa tena, nitaipeleka kwa fundi afumue. Si uliniachia akiba ndani, kama kawaida yako?"

Kutoka kanisani walikuwa wanaita watu wa sare waje kupiga picha. Nilifungua mdomo niseme ndiyo, kwa sababu ndiyo ilikuwa rahisi, na sauti ya Marie-Louise ikaja na neno lake la maiti.

"Hapana," nikasema. "Sikuacha hata kidogo."

Estelle akaisogelea kamera, macho yamemtoka. "Kwa nini?"

Walikuwa wananiita kwa jina sasa. Sikugeuka.

"Wewe nenepa kwanza," nikamwambia. "Likikubana, lichane. Nitakushonea jingine."